Kutoka Ubalozini hadi Ofisi ya Shirika: Majibu kwa Wanaouliza

Swali la kuhama kutoka ubalozini kwenda kwenye shirika hunijia kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni ya ofisa wa Mambo ya Nje aliyebakiza miaka miwili mitatu kustaafu. Amehudumu vituo kadhaa, ana namba za simu za mabalozi wa nusu ya Afrika, na anataka kuanzisha shirika la amani au la ushirikiano wa kimataifa. Sura ya pili ni ya kijana aliyemaliza Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, au aliyesomea uhusiano wa kimataifa Nairobi au Kampala, anayeuliza kama apitie serikalini kwanza au aende moja kwa moja kwenye mashirika.

Mwenye haraka achukue jibu fupi: inawezekana, na wapo wengi waliofanya hivyo. Wanaofanikiwa ni wale wanaokubali kuanza upya na kujifunza kazi ya pili. Wanaokwama si kwamba hawana akili au heshima. Wamekosa mhasibu, wamekosa bodi inayouliza maswali, na hawajazoea kuomba.

Mwenye nafasi tuendelee.

Kinachobadilika siku unapotoka

Ubalozini ulikuwa na vitu vinne ambavyo pengine hukuwahi kuvihesabu, kwa sababu vilikuwepo kila siku:

- Maagizo. Makao makuu yalikuambia useme nini, na mambo yakiharibika ulikuwa na barua ya kuonyesha.
- Fungu. Lilichelewa, lilipungua, lakini lilikuja kutoka Hazina bila wewe kuandika maombi ya kurasa arobaini.
- Dola. Aliyekufungulia mlango aliiona bendera kabla hajakuona wewe.
- Muda. Hata ukikosea mwaka wako wa kwanza kituoni, mshahara wa mwezi ule uliingia.

Shirika halikupi hata kimoja. Maagizo yanatoka kwenye katiba na bodi, tena bodi uliyoitafuta mwenyewe. Fungu unalihangaikia. Bendera imebaki wizarani. Muda wako ni muda wa mkataba wa mfadhili, na mara nyingi hauzidi miaka mitatu.

Unachopata badala yake ni kitu kimoja chenye thamani kubwa: uhuru wa kukaa na watu ambao serikali haiwezi kukaa nao hadharani. Kundi la waasi, upinzani ulio uhamishoni, wazee wa pande mbili za mpaka uliofungwa. Ndiyo maana kabla ya jambo lolote nakuomba uandike sentensi moja: shirika langu litafanya nini ambacho wizara haiwezi kukifanya? Ukishindwa kuijaza, ulichonacho ni hamu ya ofisi, na hiyo hamu hupoa yenyewe baada ya miezi sita ya kustaafu.

Mfano wa kusoma kwa makini

Martti Ahtisaari alifika Dar es Salaam mwaka 1973 akiwa balozi wa Finland. Dar ya wakati ule ilikuwa na ofisi za vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika na Kamati ya Ukombozi ya OAU, na ndipo alipojenga mazoea na viongozi wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, akiwemo Sam Nujoma. Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa ulimteua Kamishna wa Namibia, na baadaye akausimamia ujumbe wa umoja huo ulioivusha Namibia hadi uhuru, Machi 1990. Akawa Rais wa Finland kuanzia 1994 hadi 2000. Alipotoka Ikulu mwaka ule wa 2000 alianzisha shirika dogo la usuluhishi mjini Helsinki, CMI.

Kazi iliyolitambulisha shirika hilo ni Aceh, jimbo la Indonesia lililokuwa vitani tangu 1976 kati ya serikali na kundi la GAM. Shirika jingine lenye uzoefu, Kituo cha Mazungumzo ya Kibinadamu cha Geneva, lilikuwa limejaribu kabla. Makubaliano ya kusitisha mapigano yalitiwa saini Desemba 2002, yakavunjika Mei 2003. Kisha tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ikapiga pwani ile. Mwezi uliofuata pande mbili zilikuwa Finland, mezani kwa Ahtisaari. Baada ya duru tano, tarehe 15 Agosti 2005, makubaliano yakatiwa saini Helsinki. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Watu husoma habari hii wakaona jina kubwa na tuzo. Mimi nataka uone ufundi uliomo ndani yake.

1. Hakuwa bingwa wa Indonesia. Aliyemuunganisha na wahusika ni Mfini mwenzake, mfanyabiashara aliyeifahamu nchi ile na watu wake. Kiongozi wa shirika halazimiki kujua kila kitu, ila lazima amsikilize anayejua, hata kama hana cheo.
2. Alieleza mipaka mapema. GAM waliambiwa wazi kwamba uhuru kamili haumo mezani; kinachozungumzwa ni jinsi jimbo litakavyojitawala ndani ya Indonesia. Na kwamba hakuna jambo linalohesabika kuwa limekubaliwa mpaka yote yakubaliwe.
3. Alijua asichokuwa nacho. Shirika lake halikuwa na askari wala waangalizi. Kabla ya saini ilishaandaliwa njia ya Umoja wa Ulaya na nchi za ASEAN kusimamia unyang'anyaji wa silaha, na GAM wakasalimisha bunduki 840 walizoahidi. Makubaliano ya 2002 yaliharibikia hapohapo, kwenye usimamizi.
4. Wakati ulikuwa umeiva. Jakarta ilikuwa na serikali mpya, na Makamu wa Rais Jusuf Kalla alishaanza kutafuta njia za siri za kuwafikia GAM hata kabla ya tsunami. Msuluhishi mzuri huusoma wakati. Hauumbi.

Hapo ndipo nasikia pingamizi: "Yule alikuwa Rais mstaafu. Mimi ni mshauri mwandamizi wa ubalozi tu." Ni hoja ya haki. Basi mtazame Morton Abramowitz, mwanadiplomasia wa kazi wa Marekani aliyekuwa balozi Thailand kisha Uturuki. Mwaka 1991 alishika uongozi wa Carnegie Endowment, taasisi iliyoanzishwa na Andrew Carnegie mwaka 1910 kwa dola milioni 10, na mwaka 1995 akawa miongoni mwa walioanzisha Crisis Group, shirika linalofuatilia migogoro. William Burns alifika Carnegie mwaka 2015 baada ya miaka 33 katika utumishi wa nje. Hakuna kati yao aliyewahi kugombea kura.

Ila angalia kitu kimoja kuhusu hao wa Carnegie: walikabidhiwa nyumba iliyokwisha kujengwa, yenye akiba na wahasibu. Ni kazi tofauti kabisa na kuanzia mezani pako pa kulia chakula.

Miaka miwili ya mwisho wizarani

Huu ndio wakati wa kujiandaa, na wengi huupoteza kwa kusubiri barua ya kustaafu. Fanya haya, kwa mpangilio wowote unaokufaa:

- Omba kukaa na ofisa fedha wa ubalozi au idara wakati wa kuandaa bajeti. Usisaini tu. Uliza kila mstari umetokana na nini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
- Ingia kwenye bodi ya shirika dogo kama taratibu za utumishi zinakuruhusu, na utoe taarifa kwa mwajiri wako. Bodi ya kituo cha vijana wilayani itakufundisha zaidi ya semina tatu za uongozi.
- Andika kwa jina lako pale unaporuhusiwa. Mwanadiplomasia huandika miaka thelathini bila jina lake kuonekana popote. Mfadhili anayekutafuta atakuta ukurasa mtupu.
- Tenganisha mawasiliano. Namba na anwani ulizopata kwa kazi ya serikali si zako zote. Unaofahamiana nao kwa dhati, waage mmoja mmoja na uwape anwani yako binafsi.
- Soma tena kiapo chako cha siri. Hakiishi siku ya kustaafu.

Onyo: usisajili shirika ukiwa bado ofisini, ukatumia ziara za kikazi kuwatafutia fedha. Hata kama hakuna atakayekushtaki, wafadhili wanazungumza, na mabalozi wanazungumza zaidi.

Usianzishe la kwako mwaka wa kwanza

Huu ndio ushauri unaonigombanisha na watu. Nausimamia.

Mstaafu wa ubalozi akitoka na kiinua mgongo chake, jambo la kwanza analotaka ni kibao cha ofisi: Taasisi ya Amani ya Fulani, au Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa cha jina la mji wake. Anapanga nyumba Mikocheni au Kilimani, ananunua viti, anaalika waandishi. Mwaka mmoja baadaye viti vipo, kodi imekwisha, na mradi hakuna.

Fanya kazi ya mwaka mmoja au miwili kwenye shirika la mtu mwingine. Uwe mshauri, uwe mkuu wa programu, uwe mjumbe maalumu wa muda. "Lakini nitaripoti kwa kijana wa miaka thelathini na nane!" Ndiyo, utaripoti. Kijana huyo anajua kufunga hesabu za robo mwaka, anajua ofisa yupi wa mfadhili hupitisha mabadiliko ya bajeti na yupi hukataa. Wewe unajua namna ya kumkalisha waziri na mbunge wa upinzani chumba kimoja. Badilishaneni.

Baada ya hapo, anzisha la kwako ikiwa mambo haya matatu yote yapo:

1. Kuna kazi mahususi ambayo umehakikisha hakuna shirika linaloifanya, na wahusika wenyewe wamekuomba uifanye.
2. Una fedha za kuendesha ofisi miezi kumi na minane bila ruzuku mpya, na fedha hizo si pensheni yako.
3. Kuna mtu wa pili, si ndugu yako, anayeweza kuliendesha shirika ukiugua.

Likikosekana moja, endelea kwa mwenzako.

Usajili, kwa kifupi

Tanzania Bara mashirika haya yapo chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, iliyorekebishwa 2005 na 2019, na Msajili yuko wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Unachagua ngazi: wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Andaa katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye saini zao, wasifu wa viongozi na ada. Tangu marekebisho ya 2019 cheti kina ukomo wa miaka kumi, na kampuni zisizo na hisa zinazofanya kazi za kijamii zilitakiwa kuhamia chini ya sheria hii. Kwa hiyo usidanganyike na rafiki anayekuambia upite BRELA, kwa msajili wa kampuni, kwa sababu ni haraka. Zanzibar ina sheria na msajili wake.

Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa 2013 na kukaa kabatini zaidi ya miaka kumi. Ilianza kutumika Mei 2024, ikaondoa ile ya 1990. Kama mwanasheria wako bado anakuandikia nyaraka za Bodi ya Uratibu wa NGO, tafuta mwingine.

Wanaoniuliza kutoka ughaibuni kama wasajili Geneva au Washington: kisheria Uswisi ni rahisi mno kuanzisha jumuiya. Kuishi Geneva ndiyo kazi. Sajili mahali kazi ilipo.

Fedha, mahali mabalozi wengi wanapozama

Hapa tukae kidogo.

Tuseme umepata ruzuku ya Umoja wa Ulaya kwa mazungumzo ya mpakani. Gharama za moja kwa moja za mradi ni yuro 100,000: usafiri wa washiriki, malazi, wakalimani, watafiti. Juu yake mfadhili huyo anakubali gharama za uendeshaji zisizozidi asilimia 7. Yaani yuro 7,000, basi. Kutoka humo ulipe kodi ya ofisi, umeme, intaneti, mkaguzi wa nje, mlinzi na sehemu ya mshahara wako. Balozi aliyezoea jengo la serikali hushangilia zile laki moja. Mhasibu wake anaziangalia zile elfu saba na kunyamaza.

Njia halali ipo, na inafanyika kila siku na mashirika makini: wakati wa kuandika bajeti, siyo baada ya kushinda, weka sehemu ya muda wa mhasibu, ya mratibu na yako mwenyewe ndani ya gharama za moja kwa moja, kwa kadiri mnavyoutumikia mradi huo. Lakini lazima kila mmoja ajaze karatasi ya saa za kazi kila mwezi na kuisaini. Nimewasikia mabalozi wakisema kujaza saa ni kudhalilishwa. Mkaguzi akifika na karatasi hazipo, fedha zile zinarudi kwa mfadhili.

Mambo mengine yanayosahaulika kwenye bajeti ya mazungumzo:

- Siku za maandalizi. Mkutano wa siku tatu una wiki sita za safari za kimyakimya kabla yake. Usipoziandikia fedha, utazilipa mwenyewe au hutazifanya, na mkutano utavunjika saa nne asubuhi ya siku ya kwanza.
- Ukalimani na tafsiri. Ukikusanya watu wa Bujumbura, Goma na Kigoma, Kiswahili kitawabeba mezani. Hati ya makubaliano, hata hivyo, itatakiwa kwa Kifaransa pia, na tafsiri ya kisheria si ya bei ya mtaani.
- Kuahirisha. Waasi hawafuati kalenda ya hoteli. Weka fungu la tiketi zinazobadilika.
- Posho. Amua kiwango kimoja kwa wote na ukiandike. Serikali wakipata zaidi ya upande wa pili, habari itajulikana kabla ya chai.

Tanzania kuna sharti jingine: mkataba wa ruzuku unaozidi shilingi milioni 20 unapelekwa kwa Msajili na Hazina ndani ya siku kumi. Siku kumi tangu kusaini, si tangu fedha kuingia benki. Ni kosa dogo la karani lenye uwezo wa kukufungia ofisi.

Halafu lipo suala la mfadhili mmoja. Taasisi ya Amani ya Marekani iliundwa na Bunge la nchi hiyo mwaka 1984, na fedha zake kubwa zilitoka serikalini. Machi 2025 utawala wa Washington uliwafukuza wajumbe wengi wa bodi, na kaimu rais wake, George Moose, mwanadiplomasia mkongwe aliyekuwa balozi Benin na Senegal, akatolewa ndani ya jengo na polisi. Mwaka huohuo shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na mashirika mengi ya Afrika Mashariki yaliyokuwa yakilitegemea yakalazimika kupunguza watu. Jiwekee kanuni: mfadhili mmoja asizidi nusu ya bajeti yako. Miaka ya mwanzo hutaiweza, najua. Basi andika kwenye kumbukumbu za bodi lini utaifikia, na bodi ikuulize kila robo mwaka.

Bodi: chagua wa kukubishia

Mkosaji wa kawaida hujaza bodi mabalozi wenzake watano na mkewe. Vikao vinakuwa vizuri, stori nyingi za New York na Addis, na hakuna anayefungua taarifa ya fedha.

Bodi ya watu saba inatosha: mhasibu aliyesajiliwa, mwanasheria, mtu kutoka eneo mnalofanyia kazi, mtu aliyewahi kuendesha shirika, mwandishi wa habari mwenye heshima, kijana mmoja, na balozi mmoja. Mmoja. Mwenyekiti asiwe wewe kama wewe ndiye mkurugenzi mtendaji. Muda wa ujumbe uwe na mwisho, nao uandikwe kwenye katiba kabla hamjazoeana.

Tabia za ubalozini zinazoharibu kazi

Hizi nimeziona mara nyingi kiasi kwamba naweza kuzitaja nikiwa nimefumba macho.

- Kuitwa Mheshimiwa ndani ya ofisi. Mtafiti wa miaka ishirini na sita hawezi kukuambia kwamba taarifa yako ina makosa kama anasimama kila ukiingia.
- Taarifa isiyo na upande. Ubalozini ulisifiwa kwa kuandika "hali inaendelea kufuatiliwa". Msomaji wa shirika anataka kujua unapendekeza nini, nani afanye, na lini.
- Kuogopa waandishi. Ukinyamaza, mwingine atakueleza. Chagua mambo mawili unayoyajua vizuri na uyazungumzie hayo. Ya tatu mwachie mwenzako.
- Kinyume chake, kuzungumzia kila kitu. Gaza, Ukraine, bei ya mafuta, uchaguzi wa Marekani. Shirika la mazungumzo ya Ziwa Tanganyika halina haja ya msimamo kuhusu vyote hivyo.
- Kukutana na wakubwa tu. Kiongozi wa kundi hujui atang'oka lini; karani wake anayeandika hotuba ndiye utakayemkuta mezani miaka kumi baadaye.
- Kudhani ahadi ya mdomo ya balozi mwenzako ni fedha. Ni chakula cha jioni.

Yaliyopita yanakufuata

Bethuel Kiplagat wa Kenya alikuwa mfano mzuri wa safari hii, na pia onyo lake. Alitoka Baraza la Makanisa, akawa balozi Paris mwaka 1978, kisha London, kisha Katibu Mkuu wa Mambo ya Nje kuanzia 1983 hadi 1991. Alishiriki juhudi za amani za Msumbiji. Baada ya utumishi alianzisha Africa Peace Forum jijini Nairobi, na baadaye akaongoza mazungumzo ya Somalia yaliyohamia Mbagathi. Wengi waliojifunza usuluhishi katika eneo hili walipita mikononi mwake.

Mwaka 2009 aliteuliwa kuongoza Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya. Hapo mambo yakageuka. Wanaharakati, na hata makamishna wenzake, walimtaka ang'oke kwa sababu ya nafasi yake katika serikali ya miaka ya themanini, hasa kuhusu mauaji ya Wagalla ya 1984 huko Wajir. Yeye alikana kuhusika. Alikaa pembeni Novemba 2010 na kurudi 2012, na muda wa tume ulikuwa umekwisha kuliwa sana na mgogoro huo.

Sihukumu hapa. Ninachokuambia ni hiki: ulipotumikia serikali, uliyatumikia na mambo yake. Kabla hujapokea uongozi wa shirika lolote, kaa chini uandike orodha ya maamuzi, vikao na hotuba ambazo mtu anaweza kuja kukuuliza. Mpe mwenyekiti wa bodi orodha hiyo kabla hajasaini mkataba wako. Kama kuna kazi ambayo historia yako itageuka kuwa mada ya kazi yenyewe, mwachie mwingine, hata kama unajiona msafi.

Kwa vijana

Nyinyi nitawajibu kwa ufupi kwa sababu mna muda.

Kama umepata nafasi ya Mambo ya Nje, ichukue. Miaka minane hadi kumi serikalini itakufundisha jinsi maamuzi yanavyofanyika kwa kweli, jambo ambalo huwezi kulisoma ukiwa nje. Salim Ahmed Salim alikuwa balozi Cairo mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Usitegemee hayo leo, lakini ona alivyokwenda hatua kwa hatua hadi kuiongoza OAU kuanzia 1989 hadi 2001, na baada yake kazi za Taasisi ya Mwalimu Nyerere na usuluhishi wa Darfur. Baada ya Cairo hakuruka ngazi.

Kama hukuipata, usikae nyumbani ukisubiri tangazo la Utumishi. Tafuta shirika lenye kazi halisi, hata dogo, Kigoma, Goma, Garissa. Jifunze haya matatu kabla ya kujiandikisha kwa shahada nyingine: Kifaransa cha kufanyia kazi, kuandika kurasa mbili zinazosomeka, na kusoma jedwali la bajeti. Kiswahili unacho tayari, na Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Kinyooshe, kwa sababu kuzungumza na kuandika makubaliano ni vitu viwili.

Maswali yanayobaki

Je, nitumie cheo cha Balozi kwenye kadi? Mahali kinapofungua mlango, ndiyo. Kwenye andiko la mradi, hapana. Hapo wanataka kujua umefanya nini.

Je, mshahara utashuka? Kwa kawaida mwanzoni utashuka, na marupurupu yataondoka yote: nyumba, gari, ada za watoto. Piga hesabu hiyo na mwenzi wako kabla ya kuaga, si baada ya ankara ya kwanza ya shule.

Je, naweza kurudi serikalini? Burns alitoka Carnegie mwaka 2021 kwenda kuiongoza CIA, kwa hiyo mlango haufungwi. Ila shirika lako likijulikana kuwa ni chumba cha kusubiri uteuzi, pande zinazogombana zitaacha kukuamini. Ukiwa na nia hiyo, iambie bodi tangu mwanzo.

Nimeambiwa kuna nafasi ya ukurugenzi mtendaji, nianzie wapi? Usianze na mshahara. Omba taarifa za ukaguzi wa hesabu za miaka mitatu, orodha ya ruzuku na tarehe zinapoisha, na kumbukumbu za vikao vinne vya mwisho vya bodi. Kisha omba kuzungumza na mkurugenzi anayeondoka bila mwenyekiti kuwepo. Wakikunyima chochote kati ya hivyo, umeshapata jibu lako.